Tumwulize Kwanza Marehemu Alikuwa Nani

Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji kama wangekubali kulala usiku kucha katika nyumba ya wageni ya kale inayosemekana kuwa na mizimu. Swali hilo limenigusa pabaya, na ndiyo sababu jibu langu limekuwa refu kuliko nafasi mnayotupa kwa kawaida. Najua wengi watajibu kwa ndiyo au hapana, kila mtu kwa kadiri ya ujasiri wake. Kwangu mimi ujasiri wa mgeni ni jambo dogo. Kubwa ni huyo anayeitwa mzimu: alipokuwa hai alikuwa nani, alikufaje, na ni nani aliyempa mwenye nyumba ruhusa ya kumgeuza kivutio cha biashara. Niseme mapema ninaposimama: nyumba za wageni ziache kuuza hadithi za wafu.

Tazameni kisa cha Hotel del Coronado, iliyofunguliwa mwaka 1888 katika pwani ya California, nchini Marekani. Tarehe 24 Novemba 1892 aliingia pale mwanamke kijana akiwa peke yake, akajiandikisha kwa jina la Lottie A. Bernard kutoka Detroit. Watumishi walimwona kuwa ni mgonjwa. Aliwaambia kwamba anamsubiri kaka yake, na kaka huyo hakutokea. Siku chache baadaye mwili wake ulikutwa kwenye ngazi za nje zinazoteremkia ufukweni, ukiwa na jeraha la risasi, na uchunguzi wa wakati ule ukatamka kwamba alijiua. Jina aliloliandika halikuwa lake. Ilibidi maelezo ya sura yake yapelekwe miji mingine kwa telegramu, na hatimaye ikajulikana kwamba alikuwa Kate Morgan. Hivi leo wapo wageni wanaoomba walale katika chumba kilekile, wakitumaini taa zitazimika zenyewe au pazia litatikisika. Binti mgonjwa aliyekosa hata mtu mmoja wa kumshika mkono katika siku zake za mwisho, sasa watu wanapanga zamu ya kumfuata chumbani.

Kisa cha Stanley Hotel, katika mji wa Estes Park, Colorado, kina kasoro nyingine. Hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka 1909 na Freelan Stanley, yule aliyetengeneza magari ya mvuke pamoja na pacha wake. Mwezi Juni mwaka 1911 umeme ulikatika, na mtumishi wa vyumba akaingia chumba namba 217 na moto wa kuwashia taa ya gesi, asijue kwamba gesi ilikwisha kuvuja na kujaa humo. Mlipuko ulivunja sakafu, akatumbukia ghorofa ya chini. Hakufa. Aliumia miguu, akapona, na husimuliwa kwamba alirudi kazini. Hata hivyo, mtu huyo ambaye chumba kile hakikumuua, na ambaye siku hizi hutajwa kwa jina la Elizabeth Wilson, ndiye aliyefanywa mzimu wake. Wageni husema kwamba huwakunjia nguo na kuwapangia mizigo. Jambo hilo hunisumbua kila nikilikumbuka, kwa sababu katika hadithi za namna hii mgeni tajiri akifa hurudi kutembea bustanini, lakini mtumishi akifa hurudi kufanya kazi.

Nina sababu yangu ya kulisema hili kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilisafiri kikazi, mvua ikanikuta njiani, nikalala katika nyumba ya wageni ya zamani ambayo sitaitaja. Mzee wa mapokezi aliandika jina langu katika daftari kubwa, akanipa ufunguo mzito wa chuma na kuniambia kwamba chumba kilichobaki ni cha mwisho ghorofani. Ukutani, mkabala na meza yake, palitundikwa karatasi iliyochapwa vizuri na kuwekwa kwenye fremu ya kioo. Ilieleza habari za bibi harusi aliyemsubiri mchumba wake katika nyumba hiyo hadi akafa kwa majonzi, na kwamba usiku huonekana akitembea ukumbini na shela lake jeupe. Niliisoma nikiwa nimesimama na maji yananidondoka, nikapanda kulala.

Ngazi zilikuwa za mbao, na kipandio cha tatu kutoka chini kilikuwa na mlio wake, mkavu na mfupi, ambao usingeweza kuusahau ukishausikia. Usiku wa manane niliusikia tena. Ukafuata mlio wa kipandio kilichokuwa juu yake, kisha kimya, kisha kingine, polepole, kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kimwagike. Hatua zilifika juu, zikaingia ukumbini, zikasita. Niliangalia upenyo ulio chini ya mlango. Hapakuwa na mwanga. Nilisubiri hatua za kushuka, na hadi leo sijazisikia. Karibu na alfajiri jinamizi likanikaba: macho yangu yako wazi, naona dari, naona kabati, lakini sikuweza kuinua hata kidole, na nilikuwa na hakika kwamba kando ya mlango amesimama mtu, ameinama kidogo, ana kitu mkononi karibu na usawa wa goti. Lilipoachia nilikaa kitandani mpaka kukapambazuka.

Asubuhi nilimkuta mama mmoja wa makamo akifagia ngazi. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama machoni na kuacha kufagia.

"Umemsikia?" aliniuliza.

"Nimemsikia nani, mama?"

"Mama wa taa."

Akanieleza kwamba kabla ya umeme palikuwa na mwanamke aliyepandisha taa za mafuta kila jioni, akazitundika ukumbini, na alfajiri akapita kuzishusha ili azisafishe vioo na kuzikata tambi. Alizeekea katika kazi hiyo. Siku moja aliteleza ngazini na taa zake mkononi, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mama huyu alisimuliwa hayo na mfagiaji aliyemtangulia, naye alisimuliwa na wa kabla yake. "Akipita usimwogope," aliniambia, "anahesabu taa zake tu." Nikamwuliza habari za bibi harusi. Alitikisa kichwa. "Huyo alikuja na karatasi, mwanangu. Hapa hapakuwa na harusi." Karatasi ile, alisema, iliwekwa wakati wageni walipopungua.

Kisha akaniongoza hadi ukumbini na kunionyesha kitu ambacho nilikipita usiku bila kukiona. Ukutani, usawa wa kichwa, palikuwa na safu ya kulabu za chuma zilizopakwa rangi mara nyingi hadi zikanenepa na kupoteza ncha. Juu ya kila kulabu palikuwa na duara la rangi ya kahawia, kubwa kama kiganja, lililojitokeza ndani ya chokaa nyeupe. Alisema kila wanapopaka ukuta, duara hurudi baada ya miezi, kwa kuwa masizi yameingia ndani sana. Nilipitisha kidole juu ya moja. Ukuta ulikuwa laini na mkavu, wala hakuna kilichonishika. Mwanamke yule aliacha alama kwenye nyumba nzima, na waliotafuta hadithi ya kutundika mapokezi hawakumwona. Walimtungia bibi harusi badala yake, maana bibi harusi anauzika.

Nisieleweke kwamba nathibitisha kuwa alipita usiku ule. Mbao za kale huvimba kwa unyevu na kunywea zikipoa, na usiku wa mvua baada ya mchana wa joto ngazi yoyote ya mbao italia bila mguu wa mtu. Jinamizi nalo linajulikana: akili inaamka wakati mwili ungali umefungwa na usingizi wa ndoto, na wengi wanaopatwa nalo huhisi pana mtu chumbani. Mhandisi mmoja Mwingereza, Vic Tandy, alieleza mwaka 1998 jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakipatwa na hofu katika maabara yao, naye mwenyewe akaona kivuli cha kijivu, hadi alipogundua kwamba feni ilikuwa ikitoa mtetemo wa takriban mara 19 kwa sekunde, chini kidogo ya kiwango ambacho sikio la binadamu huanza kusikia. Si kila mtafiti aliyekubali kwamba mtetemo huo ndio uliozaa kivuli, lakini Tandy alianza kwa kukagua nyumba kabla ya kumlaumu marehemu.

Lipo pia jambo la hatari, na naomba wenye nyumba za kale walisome mara mbili. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika kuhusu familia iliyosikia nyayo na kuona watu wasiokuwapo, huku wakiumwa vichwa na mimea yao ikifa. Chanzo kilikuwa tanuri bovu lililokuwa likijaza nyumba kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, nayo inaua. Nyumba inayopasha joto vyumba kwa moto, halafu ikajivunia kwamba wageni wake huamka na vichwa vizito wakiwa wameona maajabu, iite fundi siku hiyohiyo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kumaliza kwa kusema karatasi zote za aina ile zing'olewe. Nimefika hapa na sioni tena kwamba nina haki ya kusema hivyo. Daftari la mapokezi limehifadhi majina ya wageni, langu likiwamo. La mama wa taa halimo, kwa kuwa hakuwahi kulala pale kama mgeni. Kilichomhifadhi ni hadithi ya mzimu, ile iliyopita kutoka mfagiaji mmoja hadi mwingine. Hadithi hiyo ikifa, hakuna atakayejua kwamba alipata kuwapo. Hata Kate Morgan, ambaye nimemwonea huruma, pengine leo nisingelijua jina lake kama isingekuwa chumba ambacho watu hukiogopa na kukitamani.

Basi wasimulie, ila wawajibike. Mwaka 1991 mahakama moja ya rufaa ya jimbo la New York ilimruhusu mnunuzi kuvunja mkataba wa nyumba iliyoko Nyack, kwa hoja kwamba mwenye nyumba alikwisha kuwatangazia watu kuwa ina mizimu, hivyo hakuweza kuyakana mbele ya mnunuzi yale aliyoyatangaza mwenyewe. Hoja hiyo naiona ya haki, na ningependa ifike hadi mapokezi. Anayetangaza marehemu aonyeshe alichonacho: jina kama lipo, mwaka kama unajulikana, na kama hana lolote aandike wazi kwamba ni hadithi. Kifo kikiwa cha karibuni, jamaa waulizwe kwanza. Mgeni aliyefiwa asisimuliwe asichokiomba.

Kuhusu bibi harusi yule wa kutungwa, bado sijaridhika naye, na moyo wangu unataka aondolewe. Lakini sina budi kukiri kwamba huenda karatasi yake ndiyo iliyorudisha wageni, na mshahara wa yule mama aliyekuwa akifagia ngazi ulitoka kwa wageni hao. Kwa hiyo siwezi kuamua kwa niaba yao. Ningeomba tu aandikiwe jirani, kwenye fremu iliyo sawa na yake, mwanamke aliyepandisha taa.

Na kwa kuwa mmeuliza kwa mkato, najibu kwa mkato: ndiyo, ningelala humo, hata katika chumba kile cha mwisho, mradi niambiwe kabla ya kulipa, dirisha lifunguke, na anayenisimulia awe yule anayeamka alfajiri kuzifagia ngazi.