Mkojo kila saa: mmepima?

Naenda haja ndogo zaidi ya mara 15 kwa siku. Nimemaliza dozi tatu za sipro, ile dawa ya kuua vijidudu, wapi! Ninunue dawa gani nyingine? (Dada, Jinja)

Usinunue yoyote. Mara ngapi nimeandika hapa kwamba si kila mkojo wa mara kwa mara ni maambukizi? Umenitajia dozi tatu, kipimo hata kimoja hukukitaja. Hivyo ndivyo vijidudu vinavyozoea dawa, na siku ukiugua kweli sipro haitakufaa. Kapime mkojo, na sukari pia.

Majibu yakiwa safi, huenda kibofu chako kina papara. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 300 hadi 500, lakini cha papara hujikaza kabla hakijajaa. Hicho hufundishwa. Andika saa unazokwenda chooni kwa siku tatu. Kama ni kila saa, jizuie hadi saa moja na robo. Ukishazoea, ongeza robo nyingine, mpaka ufikie saa tatu hivi. Haja ikikubana usikimbie, maana wengi hulowa wakiwa mbioni. Simama au keti, bana misuli ile unayozuilia ushuzi, achia, bana tena, mara tano sita za haraka. Ikishatulia, nenda kwa mwendo wako. Yataka wiki 6 hadi 12, na najua wengi mtaacha wiki ya pili.

Nikisafiri na basi Kampala hadi Arua, sinywi maji tangu jana yake. Ni sawa? (Mama, Arua)

Si sawa, mama. Mkojo ukiwa mzito hukiwasha kibofu. Kunywa kidogo kidogo, ila siku hiyo acha chai, kahawa na soda. Waragi, ile pombe kali, sikuutaja kwa kuwaheshimu. Na ninyi madereva, abiria akiomba kushuka mnamjibu "tutasimama Karuma", kana kwamba Karuma iko hapo mbele!

Mizizi inayouzwa kwenye paki ya teksi inatibu? (Kijana, Busia)

Hapana.

Baba ana miaka 68. Usiku huamka mara tano, na mkojo hutoka kwa kudondoka. Afanye hayo mazoezi ya kubana? (Mbale)

Hospitali kwanza. Mkojo unaodondoka kwa mzee humfanya daktari aikague tezi dume. Kama anameza vidonge vya presha vya kukojosha, amuulize daktari kama anaweza kuvimeza asubuhi. Na akikojoa damu, msingoje hata kesho.

Tangu nijifungue mwaka jana mkojo unavuja mchana na usiku, wala sihisi kubanwa. Mume wangu asema ni uchafu wangu. (Hakutaja mji)

Pole sana, mwanangu. Hiyo si papara ya kibofu wala si uchafu. Yaelekea ni fistula, tundu linalobaki baada ya uchungu mrefu wa kuzaa, na mazoezi hayalizibi. Hushonwa kwa upasuaji, na hapa Uganda upo. Nenda hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu nawe, uwaambie kama ulivyoniandikia. Mumeo akusindikize, asikie kwa masikio yake.