Usingoje edita ya beta, anza na mapu yako

Juzi mdogo mmoja wa Ruashi, hapa Lubumbashi, kaniandikia: "Kaka, nimeingia kwenye beta, lile toleo la majaribio, ya ile geimu mpya ya kupigana risasi, wanasema edita ya modi itatoka, we ulifanyaje mpaka mapu yako inachezwa na watu wa Ulaya?" Nikaona nijibu hapa, juu si yeye peke yake anayeuliza, na najua wote mnataka kitu kimoja, jina lako litokee pale mapu inapofunguka, usinidanganye.

Kwanza hiyo edita, yaani programu ya kujengea mapu, viwanja vya kuchezea, isahau. Beta nyingi edita inakuja mwisho, ikija ni magiga na magiga, na kwa forfe zetu hizi za intaneti utakuwa bado unapakua umeme unakatika, halafu wakitoa toleo jipya kila ulichojenga kinagoma kufunguka. Mimi nilianzia AssaultCube. Ni geimu ya kupigana risasi ya bure, haifiki hata mega 100, edita iko ndani ya geimu yenyewe, unaandika /newmap unajikuta kwenye uwanja mtupu, unachagua vipande kwa mauzi, unazungusha kigurudumu sakafu inapanda mbele ya macho yako. Ordinatere (kompyuta) ya kaka yangu haikuwa na kadi ya grafiki ya maana na ilienda tu.

Nikajenga Lubumbashi. Ule mlima mweusi wa mabaki ya Gécamines, kampuni ya madini, lile bomba la moshi pembeni, chini vibanda. Sasa ile injini ina ukaidi wake, kila kipande cha ardhi kina sakafu moja na dari moja, basi, chumba juu ya chumba haiwezekani. Mlima ulitoka vizuri ajabu, lakini nyumba ya gorofa nimehangaika nayo mpaka nikaifuta nikapitisha uchochoro, na huo uchochoro ndio watu wanaupenda kuliko kitu chochote, kwa sababu snaipa, yule mpigaji wa mbali, aliyejikalisha mlimani haoni ndani yake, anashtukia mtu yuko mgongoni! Mwenye seva mmoja wa huko Ulaya akaicheza, akaiweka kwenye seva yake, kompyuta ambayo watu wanakutania kucheza mtandaoni.

Watu wa siberi, duka la intaneti, ya pale komini ya Kenya hapa Lubumbashi walikuwa wananicheka sana. Eti huyu wenzake wanapiga, yeye anapanga matofali. Leo haohao wanakuja, kaka mkubwa, tuandikie na sisi majina ukutani. Siandiki.

Ndiyo maana nawaambia vijana, acheni kukaa mnalalamika eti edita haijatoka. Counter-Strike yenyewe mnayoimba kila siku ilikuwa modi, yaani geimu ambayo wachezaji wameijenga juu ya geimu nyingine, Half-Life, beta yake ya kwanza 1999, Minh Le na Jess Cliffe wakipokea mapu za watu wa kawaida tu, mpaka Valve, wenye Half-Life, wakawachukua na mwaka 2000 ikauzwa madukani. Ile mapu ya Dust tunayoijua kama uwanja wa nyumbani aliichora kijana mmoja wa Uingereza, Dave Johnston, hakuwa ameajiriwa na yeyote. Mnajua kwa nini imedumu? Njia. Timu mbili zinakutana mahali panapoeleweka, na aliyepigwa anajua amepigwa kutoka wapi. Rangi za ukuta zinakuja baadaye, wengi wenu mnaanza na rangi.

Kwa hiyo mdogo wangu, chukua karatasi, chora njia, hesabu kwa saa kila timu inachukua muda gani kufika katikati, ukiona mmoja anafika mapema mno sogeza ukuta. Halafu waite watu wacheze na wewe unyamaze, usiwaelekeze njia, wakipotea tatizo ni mapu. Edita ya hiyo beta ikitoka siku moja, michoro yako ipo, unajenga tu.

Jumamosi niko nyumbani baada ya saa nane, leta flashi nikuwekee geimu na mapu yangu bure. Ila uje na karatasi imechorwa, mikono mitupu sifungui mlango.