Nimepata sapu. Je, niache mpira na kwaya?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma udaktari mwaka wa pili, muhula uliopita nimepata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya fiziolojia. Jumanne na Alhamisi nacheza mpira, Jumapili naimba kwaya, tena ni katibu wa chama cha wanafunzi. Nakesha na kahawa mpaka saa tisa usiku lakini nikiingia kwenye mtihani nasahau. Baba anasema niache vyote nishike kitabu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hofu ya baba naielewa, maana sapu ikifuatana na nyingine, mtu anadisko, yaani anaondolewa chuoni. Ila hivyo vitu vitatu havifanani, na mimi nisingevifuta kwa kalamu moja.

Mpira usiuguse. Utasikia wakisema wanafunzi wanaocheza wana msongo mdogo; hoja hiyo peke yake isikushawishi, kwa sababu tafiti nyingi za namna hiyo huwapima wanafunzi mara moja tu. Hazijui kama mchezo ndio uliowatuliza, au waliokwisha kutulia ndio wanaopata nafasi ya kucheza. Ninachokiamini zaidi ni majaribio ambapo watu wamegawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa mazoezi na wengine hawakupewa. Huko mazoezi yamepunguza dalili za sonona. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Siku zako mbili, ukicheza saa moja na nusu kila siku, ni dakika 180. Zinatosha.

Kwaya nayo ibaki, ila mwombe mwalimu wa kwaya akuruhusu kukosa mazoezi ya katikati ya wiki mpaka sapu ipite.

Ukatibu ndio uuachie. Mpira filimbi ikilia umekwisha, lakini ukatibu unakufuata hosteli: simu inaita ukiwa mezani, kundi la WhatsApp linagombana usiku, mwenzako anataka barua ya mkuu wa kitivo kesho asubuhi. Hiyo si burudani, ni kazi ya pili isiyo na saa ya kufunga ofisi. Mkabidhi makamu wako daftari na mihuri wiki hii hii.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuliuliza vizuri, nalo naona ndilo lililokuangusha: usingizi. Ulichosoma mchana hukazwa na ubongo ukiwa umelala. Ukilala saa tisa na kipindi ni saa mbili asubuhi, unakata kazi hiyo njiani. Halafu kahawa: nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa nne usiku, saa tisa kingali na nusu ya nguvu yake, ndiyo maana hata ukijilaza unageukageuka. Acha kahawa kuanzia alasiri, lala angalau saa saba. Muda utakaobaki usiutumie kusoma notisi zilezile mara ya nne. Funga daftari, chora nefroni, kile kichujio kidogo cha figo, kwa kichwa, mweleze mwenzako kwenye diskasheni sodiamu inafyonzwa wapi. Pale unapokwama ndipo pa kusoma.

Haya yote ni kwa msongo wa masomo. Kama kwa wiki mbili sasa huna furaha hata uwanjani, au umekata tamaa, jaza dodoso la PHQ-9, maswali tisa ya kupima dalili za sonona. Lipo kwa Kiswahili. Ukipata alama 10 au zaidi kati ya 27, kamwone mtaalamu. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru: kama jibu lako si «hapana kabisa», usijumlishe alama, nenda siku hiyo hiyo. Najua wanafunzi wetu wanaogopa kuonekana kliniki ya akili katika hospitali wanakofundishwa, na walimu wao wako pale pale. Nenda hospitali nyingine.