PSA 0.08 baada ya upasuaji wa tezi dume

Kaka, pole na upasuaji. Unasema tezi dume imetolewa yote, Gleason (alama ya ukali wa saratani) ni 3+4, kingo za nyama iliyotolewa zina seli za saratani, na PSA (kipimo cha damu cha protini inayotengenezwa na tezi dume) ya wiki ya 7 ni 0.08 ng/ml. Unauliza kama ugonjwa umebaki.

Hiyo PSA ni nzuri: baada ya wiki 6 hadi 8 tunataka iwe chini ya 0.1. Kingo zenye seli huongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi, ila wapo wengi ambao haukuwarudia.

Sasa fuatilia mwendo wa namba. Pima kila baada ya miezi 3 hadi 6, tena maabara ileile, maana mashine hutofautiana (kutoka 0.08 hadi 0.09 usikose usingizi). Ikifika 0.2 na kipimo cha pili kikathibitisha, kwa kawaida huhesabiwa kuwa saratani imerudi. Tiba ya mionzi husaidia zaidi PSA ikiwa bado ndogo, kwa hiyo usingoje dalili.

Muulize daktari: seli zimeshika sehemu kubwa kiasi gani ya kingo? Zimefika kwenye tezi za limfu?

Mkojo kuvuja kipindi hiki ni kawaida. Anza mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga (ile unayoikaza kuzuia mkojo).