Tableti ya zamani imejifunga, mchoro umesahaulika

Dada, kwa kuwa tableti yako ya Samsung ni ya Android 4.4, usikimbilie kwa fundi. Ikiwa bado inashika Wi-Fi ya nyumbani, kosea mchoro mara 5, kisha gusa “Forgot pattern” inayotokea chini ya skrini, uingie kwa akaunti ya Google iliyomo. Picha zako zitabaki.

Ikigoma, izime. Shikilia kwa pamoja kitufe cha kuwashia, cha kuongeza sauti na cha Home mpaka menyu itokee, uchague “wipe data/factory reset”. Hapo kila kilichomo ndani kinafutika, kwa hiyo chomoa kadi ya memori mapema. Ingekuwa Android 5.1 au zaidi, huenda ingekudai akaunti ileile hata baada ya kufuta.