Kodi ya ndege haingoji abiria

SWALI: Nina tuktuk mbili hapa Kisumu. Vijana wanaziendesha, jioni wananiletea hesabu. Mwanangu anasema hata ndege zinazotua hapa kwetu nyingi si mali ya mashirika, zimekodiwa. Zinakodiwa pesa ngapi? Na huyo mwenye ndege ni nani?
Mama wa Nyalenda

JIBU: Mama, mwanao amesema kweli. Karibu nusu ya ndege za abiria duniani ni za kukodi. Kabla ya kurudi nyumbani Kakamega, nilikaa miaka minane katika ofisi ya uhasibu ya shirika moja la ndege, na ankara ya kodi ndiyo tuliyoiogopa kuliko zote.

Boeing 737-800 iliyokwisha kutumika hukodiwa kwa takriban dola 200,000 hadi 300,000 kwa mwezi, kutegemea umri na hali ya injini. 737 MAX 8 mpya huvuka 400,000. Kabla hujakabidhiwa, unaweka amana ya miezi miwili au mitatu.

Kodi peke yake si kitu. Injini ya tuktuk yako ikifa, fundi wa jua kali ataifungua jioni hiyo hiyo. Injini moja ya ndege kufunguliwa na kurudishiwa uhai ni mamilioni ya dola, kwa hiyo wenye ndege wengi hudai fungu la matengenezo kila mwezi: kiasi fulani kwa kila saa iliyorukwa, kingine kwa kila mara ndege ilipotua. Hapo ndipo njia ya Kisumu inapouma. Kutoka Nairobi ni chini ya saa moja angani, lakini magurudumu yanahesabiwa kutua mara moja, sawa na ndege iliyokwenda Dubai. Injini nazo huchoka zaidi wakati wa kupaa. Ndiyo maana safari fupi hizi hufaa ndege za pangaboi kama Dash 8-400, ambazo kodi yake ni ndogo na mafuta hunywa kidogo.

Hiyo ni ndege tupu. Unaweza pia kukodi ndege pamoja na marubani, wahudumu, matengenezo na bima, wewe ulete mafuta na abiria. Hulipwa kwa saa, na mkataba hutaja saa ambazo lazima uzilipie, uruke usiruke. Mashirika hukimbilia huko msimu wa Desemba au ndege yao inapokuwa gereji.

Wenye ndege wengi wako Ireland. Biashara hiyo ilishika mizizi huko mwaka 1975, kampuni ya GPA ilipoanzishwa Shannon; leo iliyo kubwa kuliko zote, AerCap, makao yake ni Dublin. Hata Kenya Airways iliwahi kukaa upande wako, mama: iliwakodisha Turkish Airlines Boeing 777 zake tatu.

Kilichotunyima usingizi ni dola. Tiketi za hapa nchini tuliuza kwa shilingi, kodi tukalipa kwa dola. Mapema 2020 dola ilikuwa kama shilingi 100; Januari 2024 ikafika 160. Kodi ile ile ya dola 250,000 ikatoka shilingi milioni 25 hadi milioni 40, bila kiti hata kimoja kuongezeka.

Na kijana wako akiugua, najua hesabu ya siku hiyo unamsamehe. Machi 2020 Kenya ilipofunga anga kwa sababu ya korona, ndege zetu zilisimama zimezibwa injini kwa plastiki, na ankara ikaja tarehe moja kama kawaida. Nilimwandikia mwenye ndege barua nne nikiomba tulipe saa zilizorukwa tu. Alikubali Juni. Amana yetu alikuwa ameshaila.