Nguo za Esau zilikuwa kwa mama yake

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma Alhamisi usiku, nikaizima simu nikakaa gizani. Umesema mmesoma Mwanzo sura ya 27 jumuiyani, kina mama wakakubaliana kwamba Rebeka, alipomvisha Yakobo nguo za kaka yake Esau amdanganye baba yao Isaka asiyeona tena na kuchukua baraka ya Esau, alikuwa anatimiza tu neno la Mungu, wewe ukarudi nyumbani na swali lako: mama anawezaje kumfanyia hivyo mtoto aliyemzaa mwenyewe? Ukamalizia, "Wewe mama umelea, niambie." Jibu lake haliingii kwenye simu, ndiyo maana nimechukua daftari.

Kina mama hawakukosea sana. Neno lilikuwepo. Mapacha waliposhindana tumboni, Rebeka alikwenda kumuuliza Bwana, akaambiwa mkubwa atamtumikia mdogo. Lakini soma tena polepole, unionyeshe mahali alipomwambia mumewe. Mimi sijapaona. Isaka alimwoa akiwa na miaka 40, akawapata hao watoto akiwa na 60, baada ya kumwombea mkewe aliyekuwa tasa. Halafu jibu zito kama lile likabaki kwa mama peke yake. Kila mzazi akachukua wake. Kwa Isaka sababu imetajwa: alikula mawindo ya Esau. Tumbo! Kwa Rebeka hakuna sababu, imeandikwa tu kwamba alimpenda Yakobo.

Na utazame nyumba yenyewe. Sura nzima wale wanne hawakai pamoja hata mara moja. Ni wawili wawili: Isaka na Esau, Rebeka na Yakobo, Yakobo na babaye, na Isaka akisema na Esau, Rebeka ametega sikio. Rebeka hasemi na mumewe mpaka aya ya mwisho, na hapo analalamika kuhusu wake za Esau, apate njia ya kumpeleka Yakobo kwa kaka yake Labani. Kwamba Esau ameapa kumuua mdogo wake, hilo halimtoki mdomoni.

Watu husimulia ngozi za mbuzi alizomfunga Yakobo mikononi na shingoni. Mimi nashangaa ya jikoni. Wanambuzi wawili wa zizini, nyama laini kabisa, zigeuzwe ladha ya mnyama wa porini na mzee asigundue! Huwezi kupika hivyo kwa kubahatisha. Lazima alikuwa ameonja mapishi ya Esau mara nyingi, akajua atie nini na moto uwe kiasi gani. Halafu kuna nguo. Aya ya 15 inasema mavazi mazuri ya Esau yalikuwa nyumbani kwa Rebeka. Esau wakati huo ana wake wawili, lakini nguo zake nzuri anaziweka kwa mama. Isaka alipopapasa alisema, "Sauti ni sauti ya Yakobo, lakini mikono ni mikono ya Esau." Bado alikuwa na wasiwasi, akauliza tena. Alipomkaribia kumbusu akanusa zile nguo, ndipo akatoa baraka.

Sasa swali lako. Anaweza, mwanangu, wala si kwa sababu anamchukia. Nakwambia kwa kuwa nimefanya.

Ule mwaka ulipopata barua ya chuo cha uuguzi, mdogo wako naye alikuwa amepata shule ya kulipia. Baba yako aliuza ng'ombe wawili, fedha zikatosha ada ya mmoja. Yeye alisema ni wewe, wewe ndiye mkubwa na barua imekuja na jina lako. Mdogo wako unamjua alivyokuwa, kifua kikibana kila masika, amelelewa miguuni pangu jikoni. Usiku ule nilimwambia baba yako kwamba nimeongea na wewe, na wewe mwenyewe umesema utasubiri mwaka mmoja ili mdogo wako atangulie. Hukusema. Ulikuwa umelala. Baba yako alinyamaza kidogo, akasema, "Huyu mtoto ana moyo." Asubuhi nikakwambia wewe kwamba baba ameamua. Mwaka uliofuata nafasi ile haikuwepo tena, ukasomea kingine.

Baba yako alikusifia moyo huo kwa wageni mpaka anaingia kaburini. Wewe ulikuwa ukipita na chai, ukidhani anakusifia upole. Nilikuwa naona uso wako nikageukia masufuria.

Rebeka alimwambia Yakobo laana iwe juu yake, kisha akampa safari ya siku chache. Zikawa miaka 20. Kule Labani akamwozesha Yakobo Lea gizani badala ya mdogo wake Raheli, akamjibu kwamba kwao mdogo hatolewi kabla ya mkubwa. Baadaye wana wa Yakobo wakamletea kanzu ya ndugu yao Yusufu imechovywa damu ya mbuzi. Mbuzi na nguo tena. Na yule mzee aliyepapasa kitandani akidhani anakufa, Yakobo aliporudi alikuwa bado hai. Alikufa na miaka 180, wakamzika wote wawili, Esau na Yakobo. Kifo cha Rebeka hakisimuliwi. Kimeandikwa cha Debora, mlezi wake, hata na mti aliozikwa chini yake.

Esau alilia, "Una mbaraka mmoja tu, babangu?" Alimuuliza baba. Nimetafuta mahali alipomuuliza mama yake zile nguo zilitokaje, hapapo. Sijui ni yeye hakuuliza au ni mama hakungoja.

Mdogo wako hajui lolote katika haya, usimpigie kwa hasira. Nitamwambia mwenyewe Jumapili akija kuniletea dawa. Barua yako ile ya chuo ninayo, iko chini ya vitenge kwenye sanduku la bati, bahasha imeliwa kidogo na mende. Ukitaka niitume, nitampa kondakta wa basi. Ukitaka kuja kuichukua mwenyewe, njoo.

Mama yako